Walioomba walikufa sawa na wasioomba: jibu langu refu kwa mleta mada

Wakuu, salaam.

Jibu hili nimeliandika na kulifuta mara tatu tangu juzi. Kwa aliyeingia sasa hivi na hana muda wa kurudi mwanzo, mleta mada anauliza hivi: janga likimshukia kila mtu, iwe maradhi, vita, njaa au uchumi kuanguka, wanaoomba wanakufa sawa na wasioomba. Kisha wanaobaki wanasimama kusema "Mungu ni mwaminifu". Mwaminifu kwa nani? Halafu mwishoni, kama mtu anayetupia neno huku anafunga mlango, akasema yeye ndiye aliyekuwa anaongoza sala ya jioni nyumbani kwao, ameacha, na mama yake anamuuliza kila siku kuna nini.

Hapo kwa mama ndipo iliponishika. Nitarudi hapo.

Wengi mmemjibu kwa mistari, na mimi nitaleta yangu. Ndugu zetu Waislamu wamezungumzia subira na kutawakali, nimewasoma na nimefaidika, ila mimi nitasemea upande ninaoujua. Kuna mchangiaji mmoja tu ambaye namwomba asogee pembeni kidogo, yule aliyemwambia mleta mada kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Mkuu, hilo neno nimeshawahi kuambiwa nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba. Sijalisahau, na aliyelisema sina hakika kama hata anakumbuka.

Basi nisimulie.

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona sasa ni janga la dunia nzima, sisi tulikuwa na kikundi cha maombi cha watu 14. Nilikuwa kiongozi, na sababu si utakatifu: simu yangu ndiyo ilikuwa na uwezo wa kuunganisha watu wote kwa mpigo. Kila usiku saa tatu tunaingia, mmoja anasoma Zaburi ya 91, wengine tunaitikia. Tukifika mstari wa saba sauti zinapanda: "Ijapo watu elfu waanguka ubavuni pako, naam, kumi elfu mkono wako wa kuume! Hata hivyo hautakukaribia wewe." Mstari huo nilikuwa napenda niusome mimi. Nilikuwa nausoma kama mtu anayesoma karatasi za bima yake. Hata siku moja sikujiuliza wale elfu walioanguka ni akina nani, kama nao wana mama zao, na jioni ile wao walisoma nini.

Mmoja wetu akaja na neno kwamba jambo lote litakwisha kabla ya Pasaka. Pasaka ikaja, ikapita. Akasema ilikuwa Pasaka ya rohoni.

Mwaka uliofuata, 2021, wimbi jingine likaja, na safari hii likaingia ndani kwetu. Kaka yangu mkubwa alianza na kikohozi tulichokidharau. Siku ya tano tukamwekea kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, kikasoma 89. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 kwenda juu. Tulikokimbilia vitanda vilikuwa vimejaa, watu wanapumulia mitungi wakiwa wamekaa kwenye viti vya mapokezi. Tukarudi nyumbani na dawa, maelekezo, na agizo la kutafuta mtungi wetu wenyewe.

Mtungi ulipatikana kwa njia ambayo nilidhani ni muujiza, na mpaka leo sijui niiite nini. Katika kikundi chetu kulikuwa na mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye sukari, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye ugonjwa huohuo. Tulimwombea siku tisa, akapona. Akatuma mtungi wake uje kwetu. Mtungi uleule, kichwa kilekile chenye mshale, kile kikopo cha maji kinachotoa mapovu hewa inapopita. Mpira wa puani tu ndio tuliubadilisha. Maombi nayo yalikuwa yaleyale, saa ileile, watu walewale pungufu ya mmoja.

Mimi na shemeji tulipokezana zamu. Tulikuwa na daftari, kila nusu saa unaandika namba. Mwandiko wa shemeji ni wa mviringo, wangu umelala, kwa hiyo ukilifungua daftari lile leo unajua kabisa nani alikuwa macho saa ngapi. 91. 90. 88. 90 tena, na pembeni shemeji ameandika "asante Yesu". 84. Usiku nilikuwa nasikiliza mapovu. Ukikaa muda mrefu kwenye chumba chenye mtungi unaanza kuyasikia kama mtu anayeongea na hutaki anyamaze. Nilifunga, yaani nilikuwa silali na sili, nikijiambia nikijitesa kidogo zaidi Mungu ataona nimekusudia. Siku ya nane nilianguka mlangoni nikiwa nimebeba beseni. Sasa wagonjwa wakawa wawili, na mwanamke mmoja wa kuwahudumia. Nawaambia hili ili mjue imani yangu wakati ule ilikuwa ya namna gani: ilikuwa biashara, na mimi nilikuwa napandisha dau.

Kaka alifariki usiku wa kumi na moja, saa kumi kasoro alfajiri. Miaka 46, hakuwa na ugonjwa mwingine wowote tuliowahi kuujua. Namba ya mwisho kwenye daftari ni 71. Chini yake kuna mistari mitupu, kwa sababu shemeji alikuwa ameshachora mpaka Jumapili.

Wiki kadhaa baadaye tukaruhusiwa kukutana tena ana kwa ana. Ukafika wakati wa ushuhuda, na yule mzee akasimama. Mnajua alichosema. "Mungu ni mwaminifu, alinishika mkono akaniinua." Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka nje, nikaenda kwenye bomba la kunawia mikono, nikanawa mikono ambayo ilikuwa safi. Nikanawa sana.

Mzee akanifuata. Akasimama mbali kidogo kama tulivyokuwa tumezoea wakati ule, barakoa imeshuka kidevuni. Akaniambia, "Mwanangu, nimeshuhudia huku nakutazama wewe, na neno limenikwama katikati. Nikinyamaza naona namnyima Mungu. Nikisema nakuchoma wewe. Sijui nifanyeje." Kisha akakaa kwenye tofali, mimi nikaendelea kusimama, na hatukuongea kitu kingine mpaka ibada ikaisha.

Nilikuwa nimeshapewa sababu na watu kama ishirini. Kwamba Mungu alimhitaji zaidi, kwamba alimwepusha na baya linalokuja, kwamba kuna dhambi ya ukoo. Mzee ndiye wa kwanza kuniletea mikono mitupu, na yeye ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kusema lolote, maana mtungi ulikuwa wake.

Sasa mleta mada, nije kwenye swali lako lenyewe.

Maneno "uaminifu wako ni mkuu" tumeyatoa kwenye Maombolezo 3:23. Mimi nilikuwa nayajua kwa moyo tangu utoto, lakini nilikuwa sijawahi kusoma kitabu chote kwa mkao mmoja. Nilikisoma baada ya msiba, na nilikisoma kwa hasira, natafuta pa kugombana. Nikagundua waliotufundisha mstari huo walitukatia kipande kizuri wakaficha nguo yenyewe.

Yerusalemu umeanguka mikononi mwa Babeli, mwaka 586 kabla ya Kristo. Umezingirwa karibu mwaka mmoja na nusu. Njaa imefika mahali ambapo akina mama wanapika watoto wao, na kitabu kinalisema hilo waziwazi kwenye sura ya nne, bila kulifunika. Hekalu limechomwa. Yaani hili ndilo swali lako hasa: wenye haki na waovu wamekwenda pamoja, na hata nabii Yeremia aliyekuwa anaonya miaka yote hiyo ameipata njaa ileile. Na mwandishi halaumu Babeli, anamgeukia Mungu. Anasema amemvunja meno kwa changarawe. Anasema, "Naam, nikilia na kuomba msaada, huyapinga maombi yangu." Hiyo ni sura ileile ya tatu, mstari wa nane! Mistari kumi na tano kabla ya "uaminifu wako ni mkuu". Mtu huyohuyo, pumzi ileile.

Kuna jambo jingine ambalo kwa Kiswahili halionekani. Mashairi manne ya kwanza ya kitabu kile yamepangwa kwa alfabeti ya Kiebrania, herufi 22. Sura ya kwanza, ya pili na ya nne zina mistari 22, na kila mstari unaanza na herufi yake kwa zamu. Sura ya tatu imepewa mistari mitatu kwa kila herufi, ndiyo maana ina 66. Mtu aliyefiwa na mji mzima ameketi anapanga maumivu yake kuanzia alifu. Nilipolijua hilo nikaliwaza daftari la shemeji, na mistari aliyochora mpaka Jumapili. Halafu sura ya tano nayo ina mistari 22, lakini alfabeti imepotea. Idadi ipo, mpangilio hakuna. Na kitabu kinaishia palepale, kinamuuliza Mungu kama ametukataa kabisa.

Kwa hiyo neno la uaminifu liko katikati ya kitabu. Haliko mwishoni kama jibu la hesabu. Baada yake kilio kinaanza tena, na kwenye mstari wa 44 anamwambia Mungu umejifunika kwa wingu maombi yetu yasipite. Kama mwandishi wa Biblia aliruhusiwa kusema "wewe ni mwaminifu" na "hunisikii" katika sura moja bila mtu kumwambia imani yake ni ndogo, basi mleta mada na wewe unaruhusiwa.

Na angalia alichokitaja huyo mtu kama ushahidi wa uaminifu. "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii." Hakusema hatukuguswa. Wameguswa hasa. Anachosema ni kwamba hatujaisha, bado kuna mtu wa kuandika.

Neno lenyewe la Kiebrania linalotafsiriwa uaminifu ni "emuna". Hili nilielezwa na mchungaji wa shemeji yangu, mtu mpole asiyependa kuhubiri nje ya mimbari, na kesho yake nikahakikisha. Mojawapo ya mahali pa kwanza linapotokea kwenye Biblia ni Kutoka 17:12, na hapo halihusu imani ya moyoni hata kidogo. Linahusu mikono. Israeli wanapigana na Waamaleki, Musa yuko kilimani, akiinua mikono wanashinda, akiishusha wanashindwa. Mikono imechoka. Wakamwekea jiwe akaketi, Haruni na Huri wakaitegemeza mikono yake, mmoja upande huu na mmoja upande huu, "mikono yake ikathibitika hata jua lilipokuchwa". Hapo kwenye "ikathibitika" ndipo lilipo neno emuna. Mikono ikawa imara. Na ikawa imara kwa sababu kuna watu wawili wameishika.

Hapo mimi nilikaa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu hichohicho kwa macho yangu nikakipita.

Siku ile nilipoanguka na beseni, shemeji alimpigia simu mama mmoja wa kikundi. Sikujua. Jioni nikasikia viti vinasogezwa nje, upande wa dirisha. Walikuja wanawake watatu, wakakaa uani mbali mbali, wamejifunga kanga juu ya barakoa. Mkubwa wao akaniita dirishani akaniambia, "Baba, wewe leo usiombe." Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia, "Usiombe. Sisi tumekuja kuomba. Wewe kula, ulale, saa nane tutakugongea dirisha ushike zamu." Nikabisha, nikasema ni kaka yangu mimi. Akasema, "Ndiyo maana." Nikala. Nikalala. Saa nane kamili wakagonga dirisha kwa ufunguo, ko ko ko. Walikuja hivyo usiku tatu mfululizo, na usiku wa mwisho walikuwepo. Shemeji alipopiga ukelele, aliyeitika wa kwanza alikuwa nje ya dirisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo Mungu alikuwa wapi, sina cha kumwonyesha juu mbinguni. Nina viti vitatu uani. Najua mtu asiyeamini atasema hao ni wanawake wema tu, basi. Sitabishana naye, ila wao wenyewe ukiwauliza kwa nini walikuja hawatakuambia kwamba wao ni wema.

Baada ya hapo nilianza kuisoma Biblia tofauti, na nitataja mahali pawili tu maana uzi unakuwa mrefu.

Matendo sura ya 12. Herode anamuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga, na Luka anaimaliza habari hiyo kwa mstari mmoja. Kisha anamkamata Petro, kanisa linaomba kwa juhudi, malaika anamtoa gerezani. Sura moja, mfalme mmoja, kanisa moja. Siwezi kuamini kwamba Yakobo hawakumwombea. Luka haelezi kwa nini huyu na siyo yule, hajaribu hata kidogo. Na chekesho la sura ile ni kwamba Petro anabisha hodi, yule mtumishi Roda anakimbia kuwaambia waombaji kwamba Petro yuko mlangoni, nao wanamwambia una wazimu. Hao ndio watu wa imani kubwa! Wanaomba huku hawaamini kama kutatokea kitu, na mlango unagongwa. Tangu hapo sijawahi kupima ukubwa wa imani ya mtu kwa matokeo aliyoyapata. Waliompoteza Yakobo na waliorudishiwa Petro walikuwa kanisa moja, fikirieni Jumapili ya ushuhuda ilikuwaje.

Pili, Yeremia. Watu wanapenda Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya, tunauandika mpaka kwenye kadi za mahafali. Mwanzo wake ni barua kwa mateka waliokwisha kupelekwa Babeli. Kabla ya barua hiyo, sura ya 28, kuna nabii anaitwa Hanania aliyewatangazia watu wa Yerusalemu kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Yeremia akawaandikia mateka miaka 70. Jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto, uombeeni amani mji huo mliomo. Piga hesabu: mtu mzima aliyeipokea barua ile alijua kabisa atafia hukohuko. Mawazo ya amani yalikuwa ya wajukuu wake. Hanania alikuwa na ujumbe mtamu zaidi, na nina hakika watu wengi waliitikia amina kwake. Rafiki yetu wa Pasaka ya rohoni namsamehe, lakini mleta mada, jihadhari sana na mtu anayekupa tarehe.

Halafu sura ya 32, hii ndiyo naipenda kuliko zote. Mji umezingirwa, Yeremia mwenyewe amefungwa kwenye uwanja wa walinzi kwa sababu ya mahubiri yake. Binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba lililoko Anathothi, ambako wakati ule jeshi la Wakaldayo, yaani Babeli, lilikuwa limetanda nchi nzima. Huo ni utapeli wa wazi, nani ananunua shamba lililokaliwa na adui? Yeremia akalinunua. Shekeli 17 za fedha, akazipima kwenye mizani, akaandika hati, akaweka mashahidi, hati moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, akamwambia Baruku azitie kwenye chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Na kilichofuata kwenye maombi yake ni kumuuliza Mungu, kwa upole lakini waziwazi, kwamba mji unatekwa na wewe unaniambia ninunue shamba? Amenunua kwanza, mshangao umekuja baadaye. Na Biblia haisemi popote kwamba aliwahi kulima pale. Mara ya mwisho tunamwona Misri, alikopelekwa bila kutaka.

Kumtumaini Mungu wakati wa janga, kwangu mimi, kumefanana zaidi na ile hati kwenye mtungi wa udongo kuliko na zile kelele zetu za mstari wa saba. Unafanya kitendo kimoja kidogo, cha kawaida, chenye risiti, kinachoonyesha unaamini kesho ipo hata kama hutakuwepo wewe. Kumwandikisha mtoto shule wakati shule zimefungwa. Kumlipa deni mtu ambaye hamjui kama mtaonana tena. Wanafunzi wa Antiokia kwenye Matendo 11 waliposikia njaa inakuja dunia nzima, ile iliyotokea wakati wa Kaisari Klaudio, hawakukaa kuuliza njaa ni ya nini. Kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa akatoa, wakapeleka Uyahudi. Mistari mitatu, habari imekwisha.

Mtu aliuliza kule juu kama kuvaa barakoa na kuchanja ni kukosa imani. Nitajibu haraka. Mwaka 1527 tauni iliingia mji wa Wittenberg, Ujerumani, chuo kikahamishiwa mji wa Jena, Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, akaambiwa aondoke akabaki, na nyumba yake ikageuka wodi ya wagonjwa. Wachungaji wa mji wa Breslau walikuwa wamemuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Aliwajibu kwamba mwenye watu wanaomtegemea asiwaache, na asiye na mzigo huo anaweza kwenda. Yeye mwenyewe, alisema, atamwomba Mungu, kisha atafukiza nyumba, atatumia dawa, na hatakwenda mahali asipohitajika asije akawaambukiza wengine. Hakuona mgongano. Na kwa wanaodhani huyo alilipwa kwa utiifu wake: binti yake aliyezaliwa Desemba mwaka huohuo alikufa Agosti 1528.

Kuna mambo mawili niliyojifunza mwilini ambayo sikuyapata kwenye kitabu chochote. Moja, acha kuhesabu. Kipindi kile kila jioni nilikuwa natafuta idadi ya waliokufa duniani kabla ya kuomba, halafu nashangaa kwa nini sala inakuwa nzito. Huwezi kubeba dunia nzima usiku, hata Yeremia alikuwa na mji mmoja. Jua hali ilivyo mara moja kwa siku, mchana, halafu rudi kwa watu ambao unaweza kuwagongea dirisha. La pili, zungumza na Mungu kwa lugha ya kweli hata ikiwa chafu kidogo. Mimi kwa miezi kama mitano sala yangu ilikuwa sentensi moja: "Sina la kukuambia." Nilikuwa naisema kila siku. Sijui inahesabiwa kama sala au la, lakini ona, nilikuwa namwambia yeye.

Sijarudi kuwa kama zamani. Zaburi ya 91 bado siisomi kwa sauti, anasoma mwingine, mimi naitikia. Nimegundua pia kwamba zaburi hiyohiyo ndiyo Shetani aliyoichagua alipomjaribu Yesu juu ya kinara cha hekalu, jitupe chini, malaika watakuchukua. Yesu hakujitupa. Yule mzee bado yuko hai, anakaribia themanini, na kila mwaka siku ya kumbukumbu ya kaka anakuja anakaa na sisi, hasemi mengi. Mtungi tuliurudisha kwake wiki ileile ya msiba, naye akautoa kwa familia nyingine. Kule mgonjwa alipona. Nilifurahi siku mbili baadaye. Siku ya kwanza sikuweza.

Sasa kuhusu mama yako, mleta mada.

Mimi nyumbani kwetu pia nilikuwa naongoza sala. Baada ya kaka nilianza kutoroka, mara nina kazi, mara kichwa kinauma. Mama, ambaye amemzika mwanawe wa kwanza, akawa ananisubiri. Jioni moja nikaona aibu ya kumdanganya mzee wa watu, nikamwambia, "Mama, siwezi. Nikifungua mdomo hakuna kinachotoka." Nilitegemea alie au anikemee. Akanyamaza, akatafuta miwani yake, akaniambia, "Basi wewe nishikie taa, nisome mimi."

Mama husoma taratibu, kwa kidole, herufi moja moja. Akafungua Zaburi ya 88. Sijui kama aliichagua au ilimwangukia. Ile ndiyo zaburi ambayo haina mwisho mzuri, kilio mwanzo hadi mwisho, na neno la mwisho kabisa ni giza. Akaisoma yote, ikamchukua muda, mkono wangu wenye taa ukaanza kuuma, naye akaona, akaushika kiwiko kwa mkono wake wa kushoto huku wa kulia unaendelea kufuata mistari. Alipofika mwisho hakuomba. Alifunga Biblia, akasema tulale.

Kesho yake akaniita tena, nikashika taa, akafungua palepale.